Hewa ya chini: hotuba ya Mtwara kuhusu upepo, msukosuko na salfa ya alfajiri

Hii ni hotuba niliyoitoa Mtwara mjini mbele ya walimu wa sekondari, maafisa ugani, wakulima wa korosho na wavuvi waliotoka Mikindani na Msimbati. Wengi waliniomba niiandike, nimeiweka jinsi nilivyoongea, sijainyoosha sana.

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za mchana. Waliosimama huko nyuma naomba msogee, nafasi zipo huku mbele.

Leo naongelea hewa, na sio ile ya juu kule ndege kubwa zinakopita, naongelea hii ya chini kabisa, inayoanzia kwenye nyayo zetu hapa na kupanda mpaka kilomita moja hivi au mbili mchana wa jua kali, halafu jua likizama inasinyaa mpaka mita mia mbili, mia moja, usiku mwingine hata hamsini hazifiki. Vitabuni inaitwa tabaka la mpaka la angahewa, mi ntaiita tabaka la chini basi. Humo ndo tunavuta pumzi, tunalima, tunatweka tanga, tunachoma mkaa, humo ndo ugonjwa wa ubwiriunga unasambaa kutoka mkorosho mmoja kwenda mwingine. Na kitu kinachotawala humo ndani ni msukosuko, wataalamu wengine wanasema tabulensi, yaani hewa haiendi moja kwa moja kama tunavyochora mishale ubaoni, inazunguka, inapanda, inashuka, inajikunja.

Jambo langu nalisema mapema ili kila mtu aondoke nalo hata akiwahi boti. Utafiti wa tabaka hili umepiga hatua kubwa mno ndani ya miaka mia na kitu, lakini namba zake nyingi tunazozitegemea zilipimwa kwenye nyanda tambarare za watu wengine, mbali na ikweta, na usiku bado unawatoa jasho hata mabingwa wenyewe. Huku kwetu tuna bahari, tuna mwinuko wa Makonde, tuna mikorosho, na tuko nyuzi kumi tu kusini mwa ikweta. Kwa hiyo tunahitaji mlingoti wetu wa vipimo, usimame hapa, kwenye ardhi yetu. Mengine yote ntakayosema ni kueleza kwa nini.

Tuanze na mchana. Mtu aliyekaa Masasi mwezi wa tisa au wa kumi anajua ikifika saa nane mchana kisulisuli kinavyozoa vumbi na majani makavu na kukimbia nayo barabarani watoto wakipiga kelele. Kile ni msukosuko uliobeba vumbi kwa hiyo macho yanauona, ila pembeni yake kuna mingine mingi sana isiyobeba kitu na inafanya kazi ileile. Jua linaipasha ardhi, ardhi inaipasha hewa iliyoigusa, hewa ile inakuwa nyepesi na kupanda kwa mafungu makubwa, na pembeni hewa nyingine inashuka kujaza nafasi. Fungu moja linaweza kutoka chini mpaka kilele cha tabaka, kilomita nzima, ndani ya dakika kumi au kumi na tano. Ndo maana moshi wa mchana unapotea haraka, unachanganywa kwenye hewa nyingi sana kwa muda mfupi.

Usiku mambo yanageuka. Ardhi inapoteza joto kwenda angani, hasa mbingu ikiwa nyeupe haina wingu, hewa iliyoigusa inapoa, ikipoa inakuwa nzito, na kitu kizito kikiwa chini hakina sababu ya kupanda. Mkichoma mashamba kuandaa msimu, jioni mnaona moshi umelala, umekaa usawa wa minazi kama umekatwa na kisu, na mtu mwenye pumu kijijini anakohoa mpaka asubuhi. Hewa ni ileile, kijiji ni kilekile. Kilichobadilika ni kwamba msukosuko umezimika, au karibu umezimika, na hilo "karibu" mlishike maana ntalirudia, ndo penye utafiti mgumu kuliko pote.

Sasa kwa nini kitu hiki ni kigumu namna hii, wakati milinganyo ya mwendo wa maji na hewa tunayo tangu karne ya 19? Ugumu ni saizi. Ndani ya tabaka la chini kuna mizunguko ya hewa yenye upana wa kilomita, na kuna midogo ya milimita, yote ipo kwa pamoja na yote inahusiana. Nishati inaingia kwenye mizunguko mikubwa, mikubwa inavunjika kuwa ya kati, ya kati inavunjika kuwa midogo, ni sawa na mtu aliyeingia sokoni na noti ya elfu kumi akaichenji, ikawa za elfu mbili, zikawa za mia tano, mwishoni zimebaki sarafu za hamsini zinazopotelea mifukoni. Kule mwishoni, kwenye milimita, mnato wa hewa ndo unaimaliza nishati na kuigeuza joto. Mkitaka kompyuta ihesabu yote hayo kwenye boksi moja la hewa la kilomita kwa kilomita kwa kilomita, vyumba vyake vikiwa vya milimita, mnahitaji vyumba milioni mara milioni mara milioni, na hapo mmepata boksi moja tu, hata Mtwara mjini hamjaimaliza.

Kwa hiyo watu walianza kidogo kidogo. Mwaka 1883 Osborne Reynolds pale Manchester alipitisha uzi wa rangi ndani ya maji kwenye bomba la kioo, maji yakienda taratibu uzi unanyooka, akiongeza kasi kuna mahali uzi unakatika na rangi inasambaa bomba zima. Baadaye, 1895, akatoa wazo la kugawa mwendo sehemu mbili, wastani na yale yanayopepesuka kuzunguka wastani, na mpaka kesho asubuhi utabiri wa hali ya hewa mtakaousikia redioni umepita kwenye wazo hilo.

Ila ninayependa kumwelezea kwa watu wa pwani ni G. I. Taylor. Mnakumbuka meli ya Titanic ilizama Aprili 1912 kwa kugonga barafu. Mwaka uliofuata Waingereza wakatuma meli inaitwa Scotia kwenda kuangalia barafu huko Atlantiki ya kaskazini, na Taylor, kijana bado, akapanda kama mtu wa hali ya hewa. Yeye akawa anarusha tiara kutoka kwenye sitaha, tiara zimefungwa vipima joto, anaangalia joto linavyobadilika kadiri unavyopanda. Kule jirani na Newfoundland hewa ya vuguvugu inapita juu ya maji baridi, inapoa kwa chini, ukungu unatanda. Taylor akaona ule ubaridi umepanda juu kwa mamia ya mita kwa muda mfupi kuliko vile hewa iliyotulia ingeweza kuupitisha. Kinachoupandisha ni mizunguko ya hewa. Akayaandika hayo mwaka 1915, na nasema kabisa, tiara na kipima joto kwenye meli vilitoa fizikia ambayo watu walikuwa wanaitafuta kwenye makaratasi hawaipati. Nayasema haya kwa walimu hasa, kwa sababu nasikia sana kwamba bila maabara ya mamilioni hakuna utafiti.

Baada ya hapo Richardson, huyu mwaka 1922 alitoa kitabu cha kutabiri hali ya hewa kwa hesabu, hesabu zenyewe alizifanya kwa mkono akiwa anahudumu kwenye magari ya wagonjwa Ufaransa wakati wa vita vya kwanza, na jibu lake likatoka baya sana, badiliko la mgandamizo wa hewa la hektopaskali 145 ndani ya saa sita, kitu ambacho hakiwezi kutokea. Lakini njia aliyoionyesha ndo njia tunayopita leo. Yeye pia ndo aliyetuachia namba ya kupima ugomvi kati ya mambo mawili, upepo unaotaka kuvuruga hewa na ubaridi wa chini unaotaka kuituliza, inaitwa namba ya Richardson, ikiwa kubwa ina maana utulivu unashinda, tutakutana nayo usiku.

Halafu Warusi. Mwaka 1941 Kolmogorov akaonyesha kwamba ule uchenjiaji wa nishati, ukishatoka kwenye mizunguko mikubwa na kabla haujafika kwenye midogo kabisa, unafuata sheria moja bila kujali umeanzia wapi, iwe mtoni, iwe kwenye upepo wa kusi. Watu wamepima baharini, angani, kwenye mabomba, na sheria ile inajirudia kwa karibu sana. Obukhov na Monin wakaja kuleta kitu kinachogusa ardhi moja kwa moja, 1954, kwamba makumi machache ya mita za chini mnaweza kuzielezea kwa vitu vichache tu, msuguano wa upepo na ardhi, joto linalopanda au kushuka, na urefu kutoka chini. Ni nadharia fupi, nzuri. Ila ilikuwa inadai vipimo, kwa sababu haisemi fomula yenyewe ina sura gani, inasema ipo, nendeni mkaipime.

Wakaenda. Mwaka 1968, Kansas, katikati ya Marekani, kwenye shamba la ngano iliyokwisha kuvunwa, tambarare kabisa, kikasimamishwa mnara wa mita 32. Juu yake wakafunga anemomita za sauti, hizi hazina vikombe vinavyozunguka, zinapiga sauti kutoka ncha moja kwenda nyingine na kupima imechelewa au imewahi kiasi gani, hapo zinajua hewa inaendaje juu, chini na pembeni, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Zilikaa mita 5.66, mita 11.3 na mita 22.6. Kutoka pale zilipatikana fomula za mwaka 1971 ambazo modeli nyingi za utabiri duniani zinatumia ndugu zake mpaka leo. Nataka mlione hilo vizuri, upepo na joto la Mtwara kwenye kompyuta ya utabiri vinapita kwenye fomula zenye asili ya mabua ya ngano ya Kansas.

Na hata wenyewe hawakuzichukulia kama msahafu. Kuna namba inaitwa ya von Kármán, inaeleza upepo unavyoongezeka kadiri unavyopanda juu ya ardhi, Kansas ilitoa 0.35. Wengine walipopima wakapata karibu 0.4, mjadala ukaenda miaka, na ilipochunguzwa ikaonekana mnara na vyombo vyenyewe vilikuwa vinauvuruga upepo uliokuwa unapimwa. Leo tunafundisha 0.4. Hivi ndo elimu inavyoenda, mtu anapima, mwingine anapima tena mahali pengine, namba inanyooka. Mahali ambapo hapajapimwa mara mbili pana imani tu.

Kompyuta nazo ziliingia. Mwaka 1970 Deardorff alihesabu msukosuko kwa kutumia vyumba 6720, akiihesabu mizunguko mikubwa moja kwa moja na ile midogo akiikadiria. Kufika 2011 watu wameshafanya tabaka la mchana kwa vyumba zaidi ya bilioni moja. Mchana wa ardhi tambarare, jua kali, hakuna milima, nathubutu kusema tunaujua vizuri sasa. Kilichobaki kwenye kompyuta ni pale katikati, modeli za utabiri zimekuwa na vyumba vya kilomita moja au chini ya hapo, yaani saizi ileile ya mizunguko mikubwa, sio vikubwa kiasi cha kuikadiria yote wala vidogo kiasi cha kuihesabu. Wyngaard, mmoja wa watu wa Kansas, alilipigia kelele hilo mwaka 2004, na mpaka leo watu wanalihangaikia, wengine kwa kufundisha kompyuta ijifunze yenyewe kutoka kwenye data.

Sasa twende usiku, hapa ntakaa.

Mwaka 1961 Miles na Howard walionyesha kwa hesabu kwamba namba ya Richardson ikizidi robo, 0.25, kila mahali ndani ya hewa ile, mtikisiko mdogo haukui. Watu wengi wakakaa na picha kwamba ikifika hapo msukosuko unakufa kama taa imezimwa. Halafu Oktoba 1999 timu kubwa ikarudi Kansas, mnara wa mita 60 umejazwa vyombo toka chini mpaka juu, ndege, baluni, mwezi mzima, shughuli kubwa ni ya usiku. Walichokiona ni kwamba usiku uliotulia haujatulia. Msukosuko unalala nusu saa, unaamka ghafla dakika chache, unalala tena. Mara kunapita mawimbi ya hewa, mara ulimi wa hewa baridi unateleza kwenye bonde dogo ambalo kwa macho hata haulioni, mara kuna mkondo wa upepo mkali mita mia juu ya ardhi unaovuruga kuanzia juu kwenda chini, kinyume cha kawaida. Na zipo rekodi za msukosuko unaoendelea, mdogo, wa kuvunjikavunjika, hata namba ya Richardson ikiwa imepita robo mbali. Ndo lile "karibu" nililowaambia.

Mzee mmoja hapa amenyoosha mkono ananiuliza, hayo ya usiku yanamhusu nini mtu wa korosho. Mzee wangu, yanakuhusu kuliko mtu yeyote humu ndani.

Salfa ya unga, ile ya kuzuia ubwiriunga, unapuliza saa ngapi? Alfajiri, saa kumi na moja, upepo umetulia na majani yana umande. Ndivyo mlivyofundishwa na ndivyo wengi mnavyofanya. Unga ukitoka kwenye mdomo wa bomba ukianza kutanda chini ya mikorosho unachokitegemea ni tabaka la usiku, unataka wingu lile libaki kwenye matawi na maua, litue taratibu. Ukichelewa mpaka saa tatu jua limeanza kuipasha ardhi, mafungu ya hewa yanapanda, salfa yako inaenda na mafungu yale, hela imepaa. Hapo tunakubaliana. Lakini kuna asubuhi unapuliza saa kumi na moja ileile, pametulia vilevile, na unga unatambaa wote unaingia shamba la jirani, au unanyanyuka ghafla na kupotea. Wewe unasema upepo umegeuka. Mi nasema pengine umekutana na yale ya Kansas ya 1999, hewa baridi iliyoteleza kwenye mteremko, au msukosuko ulioamka kwa dakika tano.

Na msitu una mambo yake ambayo shamba la ngano halina. Raupach na Finnigan wa Australia na wenzao wa huko nje walionyesha miaka ya 1990 kwamba pale juu ya majani, upepo wa juu unapokutana na hewa iliyozuiwa na matawi, panazaliwa mizunguko mikubwa inayoingia ndani kwa vishindo, na vishindo vichache hivyo ndo vinafanya sehemu kubwa ya kazi ya kubeba unyevu, joto na unga. Fomula za Kansas hapo zinapwaya. Kuna lingine zaidi, limepimwa kwenye misitu mizito, usiku majani ya juu ndo yanapoa kuliko ardhi, hewa iliyopoa juu inashuka ndani ya msitu, kwa hiyo chini ya matawi hewa inachanganyika polepole huku juu pamefungwa kama kuna mfuniko. Mkorosho uliofungamana matawi na mwenzake unaweza kufanya hivyohivyo, na kama ndivyo basi ndo sababu nzuri ya salfa kuyafikia maua mpaka ya ndani. Shamba jipya lenye nafasi pana kati ya miti litakuwa tofauti. Mambo haya yanapimika, mlingoti unaoupita mkorosho kwa mita kadhaa, anemomita moja juu ya majani na moja chini yake, msimu mmoja wa kupuliza unatosha kuanza kuona. Pale Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kuna wataalamu wa korosho wa miaka mingi, wanaujua mti huu kuliko mtu yeyote, watu wa hewa ndo tunapaswa kwenda kubisha hodi.

Nije kwenye nyuzi kumi za kusini. Mwaka 1957 Blackadar alieleza kwa nini usiku unazaliwa ule mkondo wa upepo mkali juu ya ardhi. Mchana msukosuko unaufunga breki upepo, jioni msukosuko unakatika, upepo unaachiwa, na kwa sababu dunia inazunguka ule upepo ulioachiwa unaanza kuzunguka na kuongezeka kasi. Muda wa mzunguko ule unategemea uko umbali gani na ikweta. Kansas ni kama saa 20, kwa hiyo ndani ya usiku mmoja unafika mbali. Hapa Mtwara ukipiga hesabu unapata kama saa 67. Usiku wetu hauwezi kumaliza hata robo ya mzunguko huo. Kwa hiyo maelezo ya Blackadar jinsi yalivyo hayatoshi kwetu, mkondo wa usiku wa huku, unapokuwepo, unasukumwa zaidi na tofauti ya joto kati ya bahari na bara na maumbo ya ardhi.

Na Afrika Mashariki tumeshaona mara mbili faida ya kupima. Findlater, miaka ya 1960, kwa baluni na taarifa za ndege kule Kenya, aliuonyesha mto mkubwa wa hewa unaovuka ikweta kuelekea Bara Hindi, uko kilomita moja, moja na nusu tu juu ya ardhi, na upepo wa kusi unaovuma kwenye ufukwe wetu ni sehemu ya mfumo uleule. Karibuni zaidi, 2021, watafiti walirusha baluni kaskazini mwa Kenya kwenye mkondo wa upepo wa Turkana usiku na mchana, wakakuta kasi yake ni kubwa kuliko ilivyokuwa kwenye data za kompyuta zinazotumika na watu wote. Kompyuta ilikuwa inakadiria, baluni zikasema ukweli. Mimi sidhani kusini yetu tuna bahati ya pekee ya kompyuta kutukadiria sawasawa.

Wavuvi nisiwasahau. Nyie mnatoka alfajiri na upepo wa bara na mnarudi na upepo wa bahari, kwa hiyo mnatumia tabaka hili kila siku kuliko profesa. Upepo wa bahari ukiingia asubuhi saa nne saa tano unaleta hewa ya baharini juu ya ardhi iliyopata moto, na tabaka jipya linaanza kuota kuanzia ufukweni, Shangani ni jembamba, kadiri unavyoenda bara linanenepa, ukifika Masasi ni habari nyingine kabisa. Nadharia ya Monin na Obukhov inataka ardhi iwe sawa kila upande, sasa niambieni ni wapi Mtwara pana usawa huo, huku bahari, kule Newala ukingo wa Shimo la Mungu umekatika kwenda bonde la Ruvuma.

Na kuna vimbunga. Lindi walipigwa mwaka 1952, wazee wa kule wana simulizi zake. Aprili 2019 Kenneth alitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma. Mei 2024 Hidaya akaingia upande wa Mafia, mvua ikaikata barabara ya Dar na Lindi maeneo ya Kilwa, magari yakalala njiani. Nguvu ya kimbunga inategemea sana mahali kinapogusana na bahari, kinapata joto na unyevu kutoka hapo, na hapohapo msuguano unakipunguza. Zamani ilidhaniwa msuguano unaongezeka tu kadiri upepo unavyoongezeka. Mwaka 2003 zikatolewa data za vyombo vilivyodondoshwa kutoka kwenye ndege ndani ya vimbunga vya Atlantiki na Pasifiki, ikaonekana upepo ukifika kama mita 33 kwa sekunde kiwango cha msuguano hakipandi tena, povu na rasharasha zimeifunika bahari. Kitu kidogo hicho kilibadilisha hesabu za nguvu ya vimbunga kwenye modeli. Mamlaka ya Hali ya Hewa wana rada hapa Mtwara na ni hatua kubwa, tuiheshimu, ila rada inaona mvua na mwendo wake, haioni joto na unyevu vinavyopanda kutoka mita kumi za chini. Kazi hiyo ni ya mlingoti na ya boya baharini.

Kwa hiyo maombi yangu. Mlingoti mmoja kwenye mikorosho, mmoja ufukweni, na kama tukipata nguvu mmoja juu Newala. Kila mmoja na anemomita ya sauti, kipima unyevu, kipima mionzi ya jua na cha joto la udongo. Msikubali mtu awauzie mlingoti ambao hatawafundisha vijana wenu kusoma data yake, maana hata kwenye vituo bora duniani hesabu ya joto haifungi, nishati inayopimwa ikiondoka na hewa mara nyingi ni pungufu kwa asilimia 10 mpaka 30 ya ile iliyoingia, na mtu asiyejua hilo ataona chombo kimeharibika akakitupa.

Wakati tunasubiri, shule zianze. Mwaka 1961 Pasquill, Mwingereza, alipanga hali za hewa ya chini kwa herufi kuanzia A mpaka F kwa kutumia vitu ambavyo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuvisoma, kasi ya upepo, ukali wa jua, na usiku mawingu yamefunika kiasi gani. Jua kali na upepo mdogo ni A, hewa inachanganyika kwa nguvu sana. Mawingu mazito na upepo ni D. Usiku mweupe na upepo hafifu ni F, moshi unalala. Andikeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa nane mchana na saa moja na nusu usiku, shule ya Mikindani, shule ya Newala na shule ya Masasi kwa saa zilezile, na pembeni muandike moshi wa jirani unaelekea wapi na unapanda au umelala. Wakulima, siku mnayopuliza salfa mpelekeeni mwalimu saa mliyoanza na unga ulivyokwenda. Daftari zipo mezani pale karibu na mlango, walimu kila mmoja achukue mbili, moja ya upepo na moja ya moshi.